Chagua mji utakaokurudisha darasani

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, alihitimu ualimu miaka miwili iliyopita na hadi leo anasubiri kuajiriwa. Amefundisha kwa muda katika shule mbili za binafsi, mshahara ukija mwezi huu na kupotea mwezi ujao, na sasa ameamua kwenda Thailand kufundisha Kiingereza kama nilivyofanya mimi. Jumapili moja, vyombo vya chakula cha mchana vikiwa bado mezani, alisogeza kiti karibu nami, akafungua simu na kunionyesha picha za miji mitatu.

"Mjomba, hebu nichagulie," akasema.

Wa kwanza ulikuwa Phuket: mchanga mweupe na mashua za omo ndefu zilizofungwa vitambaa vya rangi. Wa pili Chiang Mai: mahekalu ya kale, na nyuma yake milima ya kijani. Wa tatu Bangkok: treni ikipita juu ya barabara, katikati ya maghorofa.

Nilimwambia yote mitatu inapendeza, na kwamba hakuna hata mmoja ambao ningemchagulia kwa mwaka wake wa kwanza. Alinyamaza, akazima simu. Niliona nimemvunja moyo, na jibu langu la siku ile lilikuwa fupi mno. Hili hapa refu, kwake yeye na kwa walimu wengine vijana ambao najua wanazitazama picha hizo hizo kila usiku kabla ya kulala.

Ninachoamini ni hiki: mwalimu anayekwenda ugenini kufundisha lugha achague mji utakaomlazimisha yeye mwenyewe kujifunza lugha. Bahari, hali ya hewa, hata mshahara kwa kiasi fulani, vyote vifuate baada ya hapo.

Nianze na picha zenyewe. Mji unaopendeza machoni pako umeshapendeza machoni pa maelfu ya wengine. Phuket na Chiang Mai zimejaa wageni waliopenda mahali kwanza na kutafuta kazi baadaye, na wengi wao wako tayari kufundisha kwa malipo madogo mradi tu wabaki. Shule za huko hazilazimiki kuongeza mshahara, na anayekuja na pasipoti yetu hujikuta mkiani mwa foleni ndefu. Halafu kila mji una msimu ambao picha haziuonyeshi. Chiang Mai, uliojengwa mwaka 1296 na ambao handaki la maji bado linauzunguka mji wake wa kale, ni mahali pa raha kweli Novemba na Desemba. Lakini kuanzia Februari hadi Aprili, mashamba na misitu ikichomwa kaskazini mwa nchi na ng'ambo ya mpaka, moshi hutanda bondeni hadi mlima wa Doi Suthep ulio kando ya mji usionekane. Ziko siku za Machi ambapo Chiang Mai huwa miongoni mwa miji yenye hewa chafu kuliko yote duniani. Mwenye pumu asidanganywe na hekalu la kwenye picha.

Bangkok siisemi vibaya. Mishahara yake ni minono kuliko ya mikoani, ubalozi wa Kenya uko pale, hospitali ni nzuri, na mtu akitafuta atapata Waafrika wenzake wa kula na kusali nao. Ila katika mitaa wanayoishi wageni, mtu anaweza kukaa miaka mitano bila kujua zaidi ya maneno kumi ya Kithai. Mhudumu wa mkahawa, karani wa benki, mwenye nyumba, wote watamsemesha Kiingereza. Kwa mfanyabiashara hiyo ni nafuu. Kwa mwalimu wa lugha ni hasara, na hasara yenyewe humwingia polepole bila yeye kujua.

Kueleza kwa nini ni hasara, lazima nirudi nyumbani Afrika Mashariki, mwaka 1961. Mwaka huo Chuo cha Makerere, Kampala, kilikuwa mwenyeji wa mkutano wa nchi za Jumuiya ya Madola kuhusu ufundishaji wa Kiingereza kama lugha ya pili. Miongoni mwa mawazo yaliyotoka na nguvu pale ni kwamba mwalimu bora wa Kiingereza ni yule aliyezaliwa nacho. Miaka 31 baadaye, mtaalamu wa isimu Robert Phillipson, katika kitabu chake Linguistic Imperialism cha 1992, aliliweka wazo hilo kwenye orodha ya imani tano potofu alizozihusisha na mkutano ule. Lakini imani ikishapata viza na mihuri haiondoki kwa kitabu. Korea Kusini, viza ya E-2 ya walimu wa Kiingereza kwa kawaida hupewa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Mganda aliyesoma kwa Kiingereza tangu darasa la nne, akafanya shahada yake Makerere hapo hapo, hayumo. Wazo lililopewa baraka Kampala limerudi kumfungia mlango mtoto wa Kampala.

Thailand mlango umeachwa wazi, ingawa ni wa kuinamia. Wanataka shahada, cheti cha polisi kwamba huna rekodi ya uhalifu, na kwa sisi tusiohesabiwa wazawa wa lugha, matokeo ya mtihani wa Kiingereza. Baada ya hapo kuna viza ya kazi, kibali cha kazi, na idhini ya Baraza la Walimu la nchi hiyo. Matangazo mengi ya kazi hutaja kwamba wanataka wazawa wa lugha, kisha huomba picha ya mwombaji, na kila mmoja wetu anajua picha inaombewa nini. Nilipoanza, mwenzangu kutoka Uingereza alilipwa zaidi yangu kwa madarasa yale yale. Yeye hakuwa amesomea ualimu. Mimi nilikuwa nimeusomea. Niliumia, na sitamficha mpwa wangu kwamba naye ataumia.

Lakini nilikuwa na kitu ambacho mwenzangu yule hakuwa nacho, na nilichelewa kukitambua. Mimi nilizaliwa Wundanyi. Kidawida nilikipata kwa mama, Kiswahili nikakiokota barabarani na kanisani, Kiingereza nikakipata darasani, kwa viboko na kwa kile kibao alichovishwa shingoni kila aliyekamatwa akiongea lugha ya nyumbani. Watoto niliowakuta Nong Khai, kaskazini mashariki mwa Thailand, huongea Kiisaan nyumbani, lugha iliyo ndugu wa damu na Kilao cha ng'ambo ya Mto Mekong. Kithai sanifu hukutana nacho shuleni. Kiingereza kwao ni cha tatu, kama kilivyokuwa kwangu. Ngazi tuliyopanda ni moja, na mimi nilikuwa bado nakumbuka ni kidato kipi kinachoteleza.

Nitoe mfano mmoja. Kiswahili hakipendi neno la kigeni liishie kwa konsonanti. Neno la Kiingereza la gari la abiria tukalifanya basi, la hesabu ya kulipia mkahawani tukalifanya bili. Tumeyafungulia maneno hayo mlango wa irabu, yakapumua. Kithai hufanya kinyume. Sauti ya s ikiwa mwishoni mwa neno hugeuka t, na l ikiwa mwishoni hugeuka n. Basi hilo hilo kwao ni "bat", bili ni "bin", na mpira wa miguu huishia kwa "bon". Mwalimu asiyejua hili huona mtoto mvivu. Nilikuwa na darasa la wanafunzi 45, na mvulana mmoja wa safu ya nyuma alikuwa ameshaacha kabisa kufungua kinywa, kwa kuwa kila alipokifungua alisahihishwa. Siku moja niliandika ubaoni safu mbili: tunavyosema kwetu, wanavyosema kwao. Nikawaeleza kwamba babu zangu walilishika neno lile lile la Kiingereza, likawashinda kulifunga, wakaliongezea mkia. Nikawasomea: basi, bili, benchi, buku. Darasa zima likacheka, likarudia nyuma yangu. Yule mvulana naye akarudia. Alikuwa amegundua kwamba ulimi wake haukuwa na kasoro yoyote. Ulikuwa tu na kwao, kama wangu.

Ujuzi huo ndio mtaji wetu, sisi walimu tuliojifunza. Mtaji huo, hata hivyo, hufifia usipotumika. Mtu akishazoea Kiingereza miaka ishirini husahau jinsi kilivyokuwa kigumu, na akisahau huanza kufundisha kama aliyezaliwa nacho. Hapo ndipo mji unapoingia.

Nong Khai uko kilomita zipatazo 600 kutoka Bangkok, safari ya usiku kucha kwa treni. Mji umelala kando ya Mto Mekong, na ng'ambo ya maji ni Laos. Daraja la Urafiki lililofunguliwa mwaka 1994 linaunganisha pande mbili hizo, na ukilivuka, jiji la Vientiane haliko mbali. Nong Khai hauna bahari wala jambo la kuwavutia watalii kwa wiki nzima. Una soko la Tha Sadet linalopakana na mto, mahekalu, bajaji, na jioni watu wanaotembea ukingoni wakati jua linatua juu ya maji ya rangi ya chai ya maziwa. Chumba changu nilikilipia baht 3,500 kwa mwezi.

Jirani na chumba hicho kulikuwa na mama aliyeuza saladi ya papai bichi. Mlio wa kazi yake ndio ulionivuta siku ya kwanza: mchi wa mti ukitwanga ndani ya kinu cha udongo, sauti niliyoamshwa nayo utoto wangu wote. Ndani ya kinu alitia pilipili, kitunguu saumu, ndimu, sukari ya mtende na mchuzi wa samaki wa kuvundikwa, kisha papai lililochanwa nyuzi nyuzi. Saladi hiyo huliwa na wali wa kunata unaotolewa katika kikapu kidogo cha mwanzi chenye kifuniko. Unaumega kwa vidole, unaufinyanga tonge, unachovya. Mtu wa ugali hahitaji kufundishwa. Mama yule aliponiona nalifinyanga tonge bila kuelekezwa, aliwaita wateja wengine waje watazame.

Siku ya tatu nilitaka kuomba wali kwa kinywa changu mwenyewe. Nikasema "khao". Akatikisa kichwa. Nikarudia, akatikisa tena. Akauweka mchi chini, akafuta mikono. Akakiinua kikapu cha wali na kusema khao, sauti ikishuka. Akaishika kola ya shati langu jeupe na kusema khao, sauti ikipanda. Akaligonga gazeti lililokuwa mezani na kusema khao, sauti ikiwa chini. Wali, nyeupe, habari. Masikio yangu yalisikia neno moja mara tatu. Alirudia, tena na tena, bila kuchoka na bila kucheka, huku wateja wakingoja, hadi mara ya saba au ya nane nikasikia tofauti kwa mara ya kwanza, kama mtu aliyeonyeshwa nyota ambayo ilikuwepo siku zote.

Usiku ule sikulala mapema. Niliwaza wanafunzi wangu wangapi walikuwa wamenisikia nikitamka maneno mawili nao wakasikia moja, na mimi nikaendelea na somo. Jumatatu niliingia darasani na kikapu, shati na gazeti vya kwangu, yaani vitu vya kushikwa na kuonyeshwa. Nilipunguza mwendo. Nilijifunza kungoja, kama nilivyongojewa. Mafunzo yangu ya chuo yalinipa nadharia ya jambo hilo. Mama wa papai alinipa lenyewe. Ningekuwa Phuket, muuza chakula angenitajia wali kwa Kiingereza kabla sijafungua mdomo, na somo hilo ningelikosa.

Simsifii mpwa wangu mji mdogo kana kwamba hauna machungu. Utakodolewa macho. Watoto watataka kugusa nywele zako, na mzee mmoja atakuuliza umetoka Afrika ipi kama vile Afrika ni kijiji. Mwezi wa tatu tangu ufike ndio mbaya zaidi: mambo mapya yameshakwisha, lugha bado haijaingia, na Jumapili ni ndefu. Kuna jioni nilipiga simu nyumbani nisikie tu mtu akinizomea kwa Kidawida. Anayehitaji jamii ya dini karibu naye alipime hilo kwa uzito wake. Kwa mwalimu Mwislamu kutoka Lamu au Tanga ningesema atazame upande wa Krabi au Hat Yai, ambako misikiti na chakula halali havitafutwi kwa tochi. Mikoa ya Pattani, Yala na Narathiwat ina Waislamu wengi zaidi, ila mapigano yaliyochacha huko tangu 2004 yanataka mtu afikiri mara mbili.

Basi unauchaguaje mji kabla hujaukanyaga? Mimi huuliza mambo machache. Kwanza, je, muuza chakula atanisemesha lugha gani? Ikiwa ni Kiingereza, naendelea kutafuta. Pili, mkataba ni wa miezi mingapi? Muhula wa kwanza wa shule za Thailand huanza katikati ya Mei, wa pili Novemba hadi Machi, na mawakala wengi hulipa miezi kumi tu. Wakala wangu wa kwanza hakunitajia hilo. Niligundua Aprili, wakati nchi nzima ikimwagiana maji katika sherehe za mwaka mpya wa Songkran na mimi nikihesabu sarafu. Tatu, hospitali kubwa iko umbali gani, na treni au basi la kwenda kwenye ubalozi huchukua saa ngapi? Nne, shule ina mwalimu Mthai wa Kiingereza ambaye nitafanya kazi bega kwa bega naye? Huyo ni wa thamani kuliko ufuo wa bahari. Anawajua watoto, na naye pia ni mtu aliyejifunza.

La mwisho ni onyo, na nalisema kwa uchungu. Upo mji ambao hupaswi kukubali kufikishwa kwanza, hata mwajiri akiusifu vipi: Mae Sot, magharibi, kwenye Mto Moei. Wenyeji wake ni watu wema kama wengine, lakini ng'ambo ya mto huo ni Myawaddy, Myanmar, ambako magenge yamejenga makambi ya utapeli wa mtandaoni. Vijana wengi wa Afrika Mashariki wameahidiwa kazi nzuri Thailand, wakapokewa uwanja wa ndege wa Bangkok, wakasafirishwa kwa gari usiku na kuvushwa mto. Februari 2025 maelfu ya watu walitolewa katika makambi hayo, Wakenya wakiwemo. Kwa hiyo mwajiri anayekutaka uingie kwa viza ya utalii, asiyetaja jina la shule, au anayelipa tiketi yako haraka kuliko anavyojibu maswali yako, mkimbie. Shule ya kweli ina mwalimu mkuu unayeweza kuongea naye, na ina subira ya kungoja karatasi zako zipite ubalozini.

Nimalizie na siku moja ya Juni. Muhula ukiwa bado mchanga, shule za Thailand hufanya ibada ya kuwaheshimu walimu, iitwayo wai khru. Khru ni mwalimu, neno lililotokana na guru. Walimu tuliketi mstari mmoja mbele ya ukumbi, na wanafunzi wakaja kwa magoti, wawili wawili, wakishika sinia za maua walizozipanga wenyewe. Yule mvulana wa safu ya nyuma alikuwa miongoni mwao. Mwalimu mwenzangu Mthai aliniinamia na kunieleza kilichomo. Kuna nyasi, kwa kuwa huenea upesi zikipata mvua, na maarifa yawe hivyo. Kuna ua la khem, jina ambalo pia ni sindano, ili akili iwe kali. Na kuna ua la biringanya, ambalo likianza kuzaa huinama chini.

Nilidhani ua hilo linamhusu mwanafunzi tu. Jioni nilipopita kwa mama wa papai nikamwonyesha, nikajaribu kumwambia kwa Kithai changu cha kuchechemea kwamba leo nimepewa maua kwa kuwa ni khru. Alilichagua ua la biringanya kutoka kwenye shada, akalitazama, kisha akasahihisha sauti ya neno langu moja. Nikalirudia hadi likakaa sawa.

Mpwa wangu, natafuta mji wenye mama kama huyo kwa ajili yako. Ukiupata kwenye ramani kabla yangu, niambie.